Tanzia ya Mchekeshaji: Jina la Mchezo na Jina la Mtu

Tanzia ni utungo wa kale katika Kiswahili. Kwa karne nyingi umewalilia mashehe, watawala, wazazi na washairi wenziwe mtungaji. Mchekeshaji wa televisheni ameingia humo juzijuzi tu, kwa mlango wa magazeti na redio, tena kwa sharti moja: aingie kwa jina la mchezo. Benson Wanjau alipofariki tarehe 12 Julai 2015, taifa la Kenya lilimlilia Mzee Ojwang'. Charles Bukeko alipofariki tarehe 18 Julai 2020, aliyeliliwa alikuwa Papa Shirandula. Jina la mtu lilitajwa pembeni, mithili ya maelezo ya chini ya ukurasa. Hii si desturi ya uandishi tu. Ndani yake mna rai kuhusu kazi ya uigizaji, kwamba mwigizaji hafanyi kitu ila kuwa vile alivyo mbele ya kamera, nayo ni rai inayostahili kupingwa.

Moi's Bridge, kaskazini ya Eldoret kwenye njia ya reli iendayo Kitale, ni mahali pafaapo kulipimia jambo hili. Jina la mji lenyewe limefunika jina jingine. Hapo awali uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyekuwa mwindaji na ambaye alijenga daraja juu ya mto Nzoia. Lakini la muhimu zaidi ni lugha. Mipaka ya Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega hukaribiana hapo, na Mnandi, Mbukusu, Mkikuyu na Mturkana hukutana sokoni kwa Kiswahili, kila mmoja akiwa na lafudhi ya kwao. Mnandi hutatizwa na tofauti ya b na p. Jirani yake humtambua kabla hajamaliza sentensi. Vitimbi, mchezo uliompa Wanjau umaarufu katika Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 ni KBC, ulichuma kicheko chake katika shamba hilohilo la lafudhi.

Basi Wanjau alifanya nini hasa? Yeye alikuwa Mkikuyu. Ojwang' ni Mluo. Mkikuyu anayejifunza Kiswahili huelekea kuchanganya l na r, kwa sababu lugha yake haina upambanuzi huo. Mluo huzipambanua sauti hizo bila taabu, lakini sh humponyoka ikawa s, na z vilevile: shamba likawa samba, shida ikawa sida, mzee akawa msee. Mwigizaji wa nafasi hiyo hana budi kuzuia makosa ambayo lugha yake ya kwanza ingemletea, kisha akosee kwa utaratibu wa lugha ya watu wengine, tena kwa kasi ya mazungumzo na katika ugomvi wa kila wiki na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai. Hiyo ni elimu ya fonolojia iliyo katika kinywa. Wapo waliofahamu kabila la Wanjau siku ya tanzia yake tu, na wakastaajabu. Mshangao wao ni sifa kubwa kuliko zote zilizoandikwa juma lile, lakini waandishi waliutaja kama kioja wakapita.

Yupo atakayedai kwamba kuiga lafudhi ni kudharau kabila. Dai hilo lisipuuzwe, hasa katika eneo hili. Nchi iliyo kandokando ya Eldoret iliona mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007; tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walichomewa humo. Katika siku kama hizo lafudhi haichekeshi, kwani huweza kumtambulisha mtu kwa wanaomsaka. Ni kweli pia kwamba iko michezo mingi dhaifu ambayo, ukiiondolea lafudhi, hakuna kinachosalia. Lakini Ojwang' ana hila, ana tamaa, ana mke asiyekubali kushindwa kwa maneno. Angesema Kiswahili cha Unguja bado angekuwa mtu. Na kukubalika kwa Mkikuyu katika ulimi wa Mluo, mbele ya hadhira ya nchi hiyo, ni jambo ambalo tanzia ingepaswa kulipima badala ya kurudia kwamba marehemu alituchekesha.

Kwa Bukeko upungufu ni huohuo. Shirandula ni bawabu anayemficha mkewe kazi yake, avaaye suti nyumbani na sare kazini. Mchezo mzima unahusu mtu mwenye sura mbili, ilhali waliomlilia walizika moja tu.

Kielelezo bora kipo tangu miaka ya 1950. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alimwandika mwimbaji aliyezaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, akauza vyungu, na hatimaye akaenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Safari kutoka jina la Mtumwa hadi jina la Siti ndiyo uti wa mgongo wa kisa. Kitabu kina kasoro yake: mwandishi hupenda mno kufundisha, na tabia njema ya Siti hupewa nafasi kubwa kuliko ufundi wa koo lake. Hata hivyo msomaji hutoka humo akijua kazi ilivyofanywa, kwa taabu gani na kwa malipo gani.

Wanjau hajapata wasifu wa namna hiyo. Matini yake ni vipindi vilivyonaswa, na uchambuzi wake ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa kazi ya waombolezaji. Chuo Kikuu cha Moi hakiko mbali na Moi's Bridge. Watazamaji wa zamani katika mji huo, Wanandi kwa Wabukusu kwa Wakikuyu, wangeweza kuulizwa ni tamko lipi la Ojwang' lililowachekesha, na ni lipi lililowachoma.