Lengo, Msingi na Mwelekeo: Lugha ya Ahadi za Katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina sehemu, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, iitwayo "Malengo Muhimu na Misingi ya Mwelekeo wa Shughuli za Serikali". Kwa msomaji wa Luvungi, katika bonde la Ruzizi, sehemu hiyo ina thamani ya pekee: ni ahadi za dola zilizoandikwa kwa Kiswahili, ilhali Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 iliandikwa kwa Kifaransa.

Anwani hiyo yastahili kuhakikiwa neno kwa neno. "Lengo" latokana na kulenga, na alengaye bado hajapata. "Mwelekeo" watokana na kuelekea; lau ingetumika kauli ya kutendesha, kuelekeza, lingepatikana "maelekezo", yaani agizo la kufuatwa. "Msingi" peke yake ndio wenye uzito wa jiwe. Ibara ya 7 yadhihirisha mgongano huo: kifungu cha kwanza chaitwika Serikali na vyombo vyake wajibu wa kutekeleza, cha pili chazuia mahakama yoyote kuyatilia nguvu masharti hayo. Hivyo ibara ya 11, ihusuyo kazi na elimu, haina pa kudaiwa ila bungeni na katika uchaguzi.

Kongo ilifuata njia nyingine. Elimu ya msingi bila malipo imo katika ibara ya 43, miongoni mwa haki. Hata hivyo Serikali ilianza kuitekeleza nchini kote mwaka 2019. Ibara ya 45 yalazimisha Katiba ienezwe na kufundishwa, na ya 142 yataka sheria zisambazwe kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi.

Ahadi isiyo na hakimu hulindwa na msomaji. Haki isiyosomeka haina mdai. Kwa mkulima wa Luvungi aiitaye dola "Leta", kwa neno lililokopwa kutoka Kifaransa, tafsiri si pambo. Lakini mfasiri asinakili istilahi za Tanzania bila kuzipima: penye wajibu akiandika "mwelekeo", atakuwa ameifuta kwa kalamu haki ambayo bunge halikuifuta.