Nta ya Kibondo, maji na krimu isiyotengana

Mfugaji wa nyuki wa Kibondo au Kasulu akishakamua asali, masega hayatupi. Huyachemsha kwa maji, huyachuja kwa kitambaa, kisha huacha yapoe. Kesho yake nta imeganda juu kama sahani ya manjano, uchafu umeng'ang'ania upande wa chini, na unakwanguliwa kwa kisu. Kwa mwenye nta safi mkononi, wazo la kutengeneza krimu ya ngozi liko karibu. Kosa nalo liko karibu.

Kosa ni kudhani kwamba nta peke yake inaunganisha mafuta na maji. Yeyusha nta na mafuta ya alizeti, mimina maji ya moto, koroga: utapata krimu nyeupe ya kuvutia. Iache, kisha fungua kopo: maji yamejitenga pembeni.

Watengenezaji wa zamani walitatua hilo kwa boraksi, takriban gramu 6 kwa kila gramu 100 za nta. Nta ina asidi zake, boraksi ni alkali. Zikikutana, sabuni kidogo huzaliwa humo humo. Sabuni hiyo ina upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, ndiyo maana krimu haitengani. Joto nalo ni muhimu: nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo nta na maji vyote vifikishwe nyuzi 70 hivi. Maji yakiwa baridi, nta huganda vipande vipande.

Je, ni salama? Nta huwadhuru wachache tu wenye mzio. Boraksi ni habari nyingine: mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi kwa hofu ya madhara kwenye uzazi. Maji pia yana hatari yake, kwani bila kihifadhi kilichopimwa, bakteria na ukungu humea ndani ya kopo.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mafuta mazito yasiyo na tone la maji: nta sehemu 1, mafuta sehemu 4, vikiyeyushwa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, maana nta hushika moto. Anayetaka krimu anunue kiunganishi cha vipodozi, awe na mizani, na aanzie TBS, shirika la viwango la Tanzania linalosimamia vipodozi tangu 2019. Ngozi ya mteja si mahali pa kujaribia.