Kulijua Lema Zuri: Mwongozo wa Kikao cha Kusi, Mtongwe

Lema ni mtego wa samaki unaosukwa kwa papi za mwanzi na kukazwa kwa fito, ukatiwa chambo na mawe, kisha ukazamishwa chini ambako samaki huingia wenyewe. Unguja na Pemba huitwa dema. Mara nyingi huwa na pembe tano au sita, mgongo na tumbo bapa, na upande mmoja ulioingia ndani, ndipo mlango ulipo. Lililo kubwa hufikia mita 1.5 hivi kwa urefu. Pwani ya Kenya hukusudiwa hasa tafi, lakini hunasa pia pono, changu, tewa na mkundaji. Malema mawili yaliyoegemezwa kando ya banda yanaweza kufanana kabisa machoni pa mpita njia, ilhali moja litalisha nyumba msimu mzima na jingine litakuwa kuni kabla mwezi haujaandama mara mbili. Tofauti hiyo haionekani kwa mbali. Hujulikana kwa kulishika, kulitia maji na kuliweka bega kwa bega na lema la fundi mwingine.

Wakati wa kufanya hivyo ni kusi. Pepo za kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba na huwa kali zaidi Juni na Julai. Bahari nje ya mwamba huchafuka, mawimbi huyasukasuka malema na kuyavunja juu ya mawe. Mtongwe, iliyo ukingo wa kusini wa Kilindini ikitazamana na kisiwa cha Mombasa, ina bahati ya hori lenye kinga, na uvuvi wa ndani kuelekea Port Reitz hausimami kabisa. Hata hivyo siku za kukaa bara huwa nyingi, na malema ya kaskazi, inayoanza Novemba, lazima yasukwe sasa. Wavuvi wa Uingereza na Marekani hutumia vivyo hivyo miezi yao ya baridi, msimu wa trauti ukiwa umefungwa: hukutana jioni kufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoano ili zifanane na wadudu, na kila mmoja huiona kazi ya jirani yake ingali mkononi. Kikao cha malema kina faida hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa lema likishafungwa pande zote sehemu yake muhimu kuliko zote hufichika ndani.

Kikao kizuri hakihitaji mengi. Watu 6 hadi 12 wanatosha. Wakizidi, wengine hugeuka watazamaji. Mahali pafaa ni banda la wavuvi au kivuli cha mti mkubwa karibu na diko, penye uwanja uliofagiliwa na kinga ya upepo, kwa sababu upepo mkavu hukausha papi haraka zikavunjika zinapokunjwa. Kwa kuwa banda huwa chini ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo kilichowekwa na kanuni za mwaka 2007, ruhusa huombwa huko mapema. Ijumaa, siku ambayo wavuvi wengi hawaendi baharini, inafaa mradi kazi isimame kabla ya sala ya adhuhuri. Kahawa chungu, mahamri na mbaazi hukamilisha maandalizi. Jambo linalosahaulika zaidi ni mianzi: ikatwe na kulowekwa wiki kadhaa kabla, la sivyo kikao kizima kitasuka kwa mwanzi mbichi, na hukumu yote itakayotolewa haitakuwa na maana mwanzi huo utakaposinyaa.

Kila mshiriki aje na malema matatu. La kwanza liwe limekamilika. La pili liwe nusu, mgongo wake bado haujafungwa, ili ndani paonekane. La tatu liwe kuukuu, lililovua msimu mzima na kutolewa majini, na hilo ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote. Papi iliyokatika kwanza, pembe iliyofunguka kwanza, mahali ambapo samaki mkubwa aligonga akapanua jicho: yote yameandikwa humo, na hakuna fundi awezaye kuyabishia. Kikao kinachoanza kwa malema makuukuu hupunguza mabishano kwa nusu.

Uchunguzi huanza na mwanzi wenyewe. Uliokomaa, wa miaka 3 au zaidi, una ukuta mgumu, na ukigongwa kwa mpini wa kisu hutoa mlio mkavu. Mchanga hutoa mlio mzito na papi zake hukunjamana zinapokauka. Kuloweka kuna sababu yake. Ndani ya mwanzi mna wanga unaowavuta wadudu watoboao, na kuulowesha mwanzi huupunguza. Upande wa ganda ni mgumu na haunywi maji upesi; upande wa ndani ni laini na ndio unaooza kwanza. Fundi mzuri huparua upande huo wa ndani hadi upapi ubaki mwembamba na sawasawa, na hulisuka lema ganda likitazama nje. Mchunguzi apitishe kidole gumba juu ya upapi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Unene ukibadilika njiani, upapi utajikunja mahali palipo pembamba, na hapo ndipo utakapokatikia. Vifundo vya mwanzi navyo vikwanguliwe hadi vilale, lakini visikatwe kwa kina, maana ndio uti wa upapi.

Msuko wa lema huenda pande 3: papi za pande 2 hukatana mshazari, na za upande wa 3 hupita katikati yao, moja juu, moja chini. Hivyo kila jicho huwa na pembe sita. Msuko huu una nguvu kwa sababu kila upapi hushikwa na zile zinazoukata, na papi haziwezi kuteleza hata pasipo kufungwa kamba. Ili kuupima, lema lililo nusu liwekwe chini, kiganja kikandamizwe katikati ya ubavu wake, kisha kiachiwe. Msuko uliokazwa hurudi palepale. Uliolegea hubaki umebonyea, na macho yaliyo karibu hugeuka marefu upande mmoja. Baada ya hapo lema liinuliwe lielekee mwanga. Macho yaliyolingana huonekana yote kwa mtazamo mmoja, na lililokosewa hujitenga lenyewe bila kutafutwa. Mafundi wengi hukosea kwenye pembe, ambako papi hukunjwa kutoka tumboni kwenda ubavuni. Jicho la pembeni likiwa pana kuliko mengine, kazi yote ya kupima yale ya katikati imepotea, kwa kuwa samaki huzunguka kandokando ya kuta akitafuta pa kutokea.

Ukubwa wa jicho ni suala la ubora, si la sheria pekee. Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku juya la kukokota na bunduki za kuvulia, na lema likabaki halali. Lakini lema lenye macho madogo hunasa tafi mchanga ambaye hajawahi kutaga, na mvuvi atamkosa mwaka ujao. Kipimo bora ni kijibao kilichochongwa kwa upana mmoja ambacho wote kikaoni wanakubaliana nacho. Vidole havifai, kwani cha fundi mnene si sawa na cha kijana. Kuna pia malema yenye upenyo mrefu mwembamba uliosimama wima kwenye pembe ya nyuma, upana wake kama vidole viwili. Utafiti wa Mbaru na McClanahan uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwenye miamba ya Pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba malema ya namna hiyo huwaachia samaki wadogo na wale wembamba wasio na bei, kama vipepeo, huku waliobaki wakiwa wakubwa zaidi na mapato yakiongezeka. Lema lenye upenyo huo, ukiwa umezungushiwa fito laini usilegee, lastahili kuwekwa juu ya lisilo nao hata kama msuko wa hilo jingine ni wa kupendeza zaidi.

Mlango ndio roho ya lema. Huwa na umbo la faneli: mdomo wa nje ni mpana, halafu unazidi kuwa mwembamba ukielekea ndani, na mwisho wake huinama kuelekea tumboni. Samaki huingia akifuata ukuta, akapita mwisho ulio mwembamba, kisha akawa anaogelea juu ya mlango huo asiuone tena. Lakini wengine huuona. Lema lililokaa chini siku nyingi hufika mahali ambapo wanaotoka ni sawa na wanaoingia, na hapo idadi haiongezeki tena hata likiachwa wiki nzima. Kwa hiyo malema mawili yenye chambo kimoja na mahali pamoja yakitofautiana kwa mavuno, sababu hutafutwa mlangoni kwanza.

Mambo matatu huangaliwa hapo. Kwanza, ncha za papi mwishoni mwa faneli ziachwe huru, zimechongwa nyembamba na kuelekezwa ndani, ziweze kusogea samaki anapopita na kurudi nyuma yake. Zikifungwa kwa kamba zote pamoja mlango huwa mgumu na samaki mkubwa huuogopa. Pili, mkono uingizwe polepole hadi mwisho: upite bila kukwaruzwa wakati wa kuingia, na ushikwe kidogo wakati wa kutoka. Mkono ukitoka kwa urahisi uleule ulioingilia, na samaki atatoka. Tatu, sakafu ya mdomo wa nje ilingane na tumbo la lema bila kizingiti. Tafi hula chini akifuata majani ya bahari, na akikuta ngazi mbele yake hugeuka. Ni kasoro ndogo isiyoonekana kirahisi, nayo imeyafanya malema mengi yaliyosukwa vizuri kulala majini bure.

Kifuniko cha nyuma cha kutolea samaki hakina mengi. Kikae sawa, kisiache upenyo, na kifunguke kwa mkono mmoja mvuvi akiwa ndani ya dau linaloyumba. La kuangaliwa ni kamba yake. Nailoni hudumu miaka, na kwa sababu hiyohiyo haifai mahali hapa: lema likipotea huendelea kunasa na kuua bila mwenyewe. Kamba ya makumbi, inayostahimili maji ya chumvi msimu mmoja kisha ikakatika, huacha kifuniko kifunguke chenyewe. Nailoni ibaki kwenye kamba ya chelezo na kwenye viungo vya fito za mbavu. Fito hizo ziwe za mti mgumu na ziliegemee lema kutoka ndani. Mbavu za mkandaa hudumu vizuri, ila mikoko haikatwi bila kibali.

Malema ya waya huletwa pia kikaoni mara kwa mara. Huwa rahisi kutengeneza, lakini makali ya ncha zake huumiza magamba ya samaki, jambo linaloshusha bei sokoni, na yakipotea hayaozi upesi. Yakadiriwe kando, yasishindanishwe na ya mwanzi.

Hukumu ya mwisho hutolewa majini. Mwanzi mkavu huelea, kwa hiyo mawe hufungwa ndani karibu na pembe, yasiwe katikati, ili lema lisipinduliwe na mkondo. Maji yanapokupwa, lema lipelekwe mahali penye kina cha kiuno, nje ya njia ya meli na mbali na eneo la Jeshi la Wanamaji, lizamishwe, lisukumwe kwa mguu upande mmoja. Zuri huteleza kidogo likiwa limelala. Baya huinuka ukingo mmoja, na mlango wake hubaki ukining'inia juu ya mchanga. Chambo kitiwe pia, majani ya bahari kwa tafi au tondo waliopondwa kwa changu, na ionekane kama maji yanapita kati ya chambo na mlango, kwani harufu ndiyo inayomwita samaki. Mvuvi wa Kilindini ambaye hafungi chelezo kwa kuhofia rafadha au wezi hutegemea alama za nchi kavu kulipata tena, na lema lililoinuka ukingo huhama mahali pake likapotea.

Maneno ya kikao nayo yana adabu yake. Kijana hasemi mbele ya watu kwamba lema la mkubwa wake ni bovu. Husema, "Fundi, hapa pembeni pamekaaje?" na kumwachia mwenyewe alishike, alitazame na kujibu. Mara nyingi fundi huifungua pembe hiyo papo hapo na kuisuka upya, na wote huona jinsi inavyofanywa. Kwa hiyo ni vizuri kuwe na mwanzi wa akiba uliolowekwa na kisu kilichonolewa, vya kutengenezea kasoro zilizoonekana.

Malema yaliyofaulu hulazwa kivulini juu ya magogo, tumbo chini, hadi kaskazi ianze. Jua kali hupasua ganda, na lililoegemezwa kwa pembe moja miezi miwili hupinda likaanza kuinuka ukingo hata kama siku ya kikao lililala sawasawa.