Lima hadi Trujillo Usiku: Tiketi Iliyoharibu Njia

Njia ya magofu ya pwani ya kaskazini mwa Peru hufuata barabara ya Panamericana kutoka Lima hadi Chiclayo, kilomita 770 hivi za jangwa linalokatwa na mito inayoshuka kutoka Andes. Kila mto una bonde lake la kijani, na kila bonde lina huaca zake, yaani vilima vya mahekalu ya kale. Ratiba ya wabeba shanta katika njia hii inajulikana: basi la ghorofa kutoka Lima saa nne usiku, kiti cha kulala, Trujillo saa moja asubuhi, Chan Chan kabla ya chakula cha mchana. Vituo vyake vimechaguliwa vizuri. Kosa liko kwenye tiketi ya kwanza, na hakuna kituo cha mbele kinachoweza kulifidia.

Wanaoitetea tiketi hiyo husema kwamba gharama ya gesti ya usiku mmoja imeokolewa na mchana haukupotea. Hiyo ni hesabu ya vitanda. Katika kilomita 560 zilizolalwa ndimo yalimo magofu ya Caral, Sechín na Chankillo, na mawili kati yake yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Caral tangu 2009, Chankillo tangu 2021. Tena barabara inayokwenda kaskazini imepangika kwa umri, karibu bila kuruka. Caral ilianza kujengwa yapata miaka 5,000 iliyopita. Sechín inafuata, kisha Chankillo ya karne ya 3 KK, kisha mahekalu ya Wamoche, na mwisho Chan Chan, mji mkuu wa Wachimú uliotekwa na Wainka yapata mwaka 1470. Anayefumbua macho Trujillo amekaribishwa na wajukuu bila kuonyeshwa babu. Ataziona kuta ndefu za udongo, ataambiwa ni za kale, na hatakuwa na kipimo cha ukale huo.

Uzito wa kosa unaonekana zaidi katika mji wa Casma. Basi lililoondoka saa nne hupita hapo karibu saa kumi alfajiri, taa zimezimwa na mapazia yamefungwa. (Mapazia ni ugonjwa sugu wa mabasi haya, hata mchana hufungwa ili filamu ionekane, kana kwamba jangwa ndilo linalokera.) Kilomita chache nje ya mji upo ukuta wa Sechín, mamia ya mawe yaliyochongwa wapiganaji wakiandamana kati ya vichwa vilivyokatwa, matumbo yaliyomwagika na viungo vya watu. Hakuna ukuta wa Chan Chan wenye ukali wa namna hiyo. Chankillo iko katika bonde hilohilo: minara 13 imepangwa mstari juu ya mgongo wa kilima, na jua huchomoza mahali tofauti kwenye mstari huo kadiri mwaka unavyosogea, hata tarehe ikaweza kusomwa kwa tofauti ya siku moja au mbili. Ni kalenda inayosomwa jua likichomoza au likizama. Ratiba inampitisha msafiri jirani na kalenda hiyo muda mfupi kabla ya macheo, akiwa amelala.

Mwanaakiolojia wa Peru Julio C. Tello hakulala hapo. Mwaka 1937 alisimama Casma, akaitambua Sechín na kuichimba. Kwamba jumba la makumbusho la mahali hapo lina jina la Max Uhle, Mjerumani aliyepingana naye kuhusu asili ya ustaarabu wa Peru, ni dhihaka isiyostahili kunyamaziwa. Hata hivyo Uhle naye ana haki yake: alichimba Moche mwaka 1899, na mwaka 1905 alikuwa akichimba pwani ya Supe, bonde lilelile la Caral. Wazee hao hawakukubaliana kuhusu mengi, lakini wote wawili waliijua pwani hii bonde kwa bonde.

Njia sahihi haihitaji ujuzi wa ajabu, maana barabara imejigawa yenyewe: Lima hadi Barranca kilomita 190 hivi, Barranca hadi Casma 180, Casma hadi Trujillo 190. Usiku wa kwanza ni wa Barranca. Caral iko ndani ya bonde la Supe, zaidi ya kilomita 20 kutoka barabara kuu, na hufikiwa kwa teksi ya kuchangia. Usiku wa pili ni wa Casma, ambako bajaji inatosha kwa Sechín, ila Chankillo inataka teksi na makubaliano ya bei kabla ya kupanda. Anayelalamika kuwa hana siku mbili za ziada kwa kawaida amezitenga nne kwa ajili ya Machu Picchu, mji wa karne ya 15, kijana mno kwa heshima anayopewa. Basi la usiku lina mahali pake, nako ni kurudi Lima kutoka Chiclayo, kila kitu kikiwa kimekwisha kuonwa.

Kuanzia Trujillo ratiba haina lawama kubwa. Kombi ya Huanchaco inamshusha abiria kwenye njia panda ya Chan Chan, na Huaca de la Luna, yenye michoro ya rangi iliyofukuliwa tangu 1991, imepewa asubuhi nzima. Safari ya Chiclayo, kilomita 210 hivi, imefanywa mchana. Huko, jumba la makumbusho la Lambayeque linaonyesha dhahabu ya Bwana wa Sipán, mtawala wa Wamoche aliyefukuliwa na mwanaakiolojia Walter Alva mwaka 1987. Kwa Sipán ratiba inaishia humo na kuiacha Huaca Rajada, kilima alikozikwa. Túcume yenye piramidi 26 za udongo imewekwa siku ya mwisho, mahali inapostahili, kwa kuwa kupanda Cerro Purgatorio na kuziona zote kwa pamoja kunataka muda usio na basi la kuwahi.