Riwaya za Maajabu na Mahakimu Wake

Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekuwa wakibishana juu ya swali moja: je, vitabu hivi ni riwaya, ni ngano au ni fumbo? Mtaalamu wa Kirusi Mikhail Gromov aliliuliza swali hilo waziwazi katika makala aliyoitoa mwaka 1998. Wakati huo Walenisi ya Katama Mkangi ilikuwa imekwisha kutoka, mwaka 1995. Baadaye zikaja Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), kisha Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004) za Kyallo Wadi Wamitila. Katika vitabu hivi watu wanarushwa angani, wafu wanarudi duniani, na msafiri asiye na jina anapita mabara kama mtu apitaye vichochoroni. Kundi lote likapewa jina la "riwaya mpya". Jina likakubaliwa upesi, na tangu hapo nguvu nyingi za wahakiki zimetumika kulifafanua jina kuliko kuvipima vitabu.

Sisi tunaona kwamba swali limeulizwa vibaya. Mfanyakazi au mwanafunzi anayefungua Walenisi hana haja ya kuambiwa kwanza kama kitabu ni cha usasabaadaye au si cha usasabaadaye. Ana haja ya kujua maajabu haya yanamfunulia nini juu ya dunia anamovuja jasho, na kama yanamwacha na uwezo wa kufikiri na kutenda au yanamwacha ameduwaa. Hicho ndicho kipimo tutakachokitumia hapa. Hatudai kwamba ni kipimo pekee.

Lakini kwanza tuondoe kosa moja la kihistoria. Inasemwa mara nyingi kwamba mtindo huu umetoka nje, hasa katika uhalisia wa kimazingaombwe wa Amerika ya Kusini, na kwamba waandishi wetu wameuchukua huko kama walivyochukua nadharia nyingine katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Hatukatai kwamba waandishi hawa wamesoma sana. Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na kuimaliza mwaka 1985, na ndani ya Nagona wanafikra wa Ulaya wanajitokeza mmoja baada ya mwingine. Lakini je, nchi ielea­yo angani aliileta nani katika Kiswahili? Ni Shaaban Robert, katika Kusadikika, mwaka 1951. Humo Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kila upande, hata mbinguni na ardhini, ambao waliporudi na maarifa ya kuifaa nchi walitupwa gerezani. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza. Wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kama hukumu juu ya utawala wa namna hiyo, na hatuoni sababu ya kuwapinga. Ajabu ilikuwa ngao ya msemaji, na papo hapo ilikuwa mkuki wake.

Basi anayesema kwamba maajabu katika riwaya ni kasumba ya kigeni amesahau kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekisoma darasani. Na kabla ya Shaaban Robert walikuwako wasimulizi wa Liyongo na wa Abunuwasi, ambao hawakumngoja mtu wa Bogota wala wa Buenos Aires awape ruhusa.

Kilichotokea ni kwamba baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uhakiki wetu ulidai uhalisia. Dai hilo lilikuwa na msingi. Jamii ilikuwa inajengwa upya, na msomaji alitaka kuona kijiji chake, karani wake, mwalimu wake na mnyonyaji wake katika kurasa. Kezilahabi mwenyewe aliandika hivyo katika Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), ambacho kinashughulika na vijiji vya ujamaa vyenyewe. Hata hivyo hakuwahi kuwa mwandishi wa kuwafurahisha wahakiki. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua, na kulikuwa na waliouliza kama jamii inayojenga inahitaji shujaa wa namna hiyo.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi ya mwaka 1967, na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi. Katikati ya miaka hiyo ndipo mwandishi wa Gamba la Nyoka alipoacha kuandika juu ya kijiji kinachojulikana, akaandika juu ya mji wa kimya, maswali yasiyojibiwa na ukombozi unaotafutwa porini kama paa. Wahakiki wengi wameeleza badiliko hilo kwa kutaja falsafa aliyosoma. Sisi tunadhani lazima kutaja pia historia aliyoiishi. Ramani iliyochorwa mwaka 1967 ilikuwa inakunjwa mbele ya macho yake, na riwaya inayotembea kwa ramani ile isingeweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Je, hiyo inatosha kuifanya Mzingile kuwa kitabu kikubwa? Kwa maoni yetu, nusu yake. Kuna nguvu ya kutisha katika ulimwengu ule ulioharibika, na katika mzee Kakulu ambaye msimulizi anamwendea. Kitabu ni chembamba, lakini kinambebesha msomaji mzigo wa maktaba nzima. Msomaji asiyewajua wanafalsafa wa Ulaya anapoteza sehemu kubwa ya mazungumzo, wala hapewi mkono wa kumsaidia kupanda. Zaidi ya hayo, binadamu katika vitabu hivi viwili hana kazi. Halimi, haajiriwi, hadaiwi kodi. Anatafuta tu. Tunajua watakaotujibu kwamba hiyo ndiyo maana ya fumbo. Sawa, lakini Karama wa Shaaban Robert naye yumo ndani ya fumbo, na bado ana mahakama, mshitaki na adhabu inayomngoja.

Walenisi ni jambo jingine, na tunaona haya kidogo kwa niaba ya uhakiki kwamba kitabu hiki huwekwa nyuma ya vile vya Kezilahabi. Mkangi hakuwa mwalimu wa fasihi. Alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na mwaka 1997 aligombea urais wa nchi ile ile. Mtu huyu aliposema juu ya hukumu hakuwa anacheza na alama. Katika riwaya yake, Dzombo anahukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani akaangamie huko. Haangamii. Chombo kinamfikisha Walenisi, nchi ya watu wasionyonyana, na jina la nchi hiyo ukilitamka polepole linakuambia mwenyewe: wale ni sisi.

Tazama jinsi sayansi ilivyotumika hapa. Katika riwaya nyingi za Magharibi za namna hii, chombo cha angani ni utukufu wa wenye nacho: kinavumbua, kinateka, kinapeperusha bendera. Kwa Mkangi chombo ni kitanzi. Ni teknolojia ya dola iliyonunuliwa ili kumnyamazisha raia, kama pingu na jela. Ujanja wa hadithi ni kwamba kitanzi hicho kinageuka gari. Hatukumbuki riwaya nyingine ya Kiswahili iliyosema kwa uwazi namna hii kwamba mashine haina upande mpaka ijulikane ni nani ameshika usukani.

Ina kasoro, tena si ndogo. Sehemu kubwa ya kitabu ni mazungumzo ya kumwelimisha Dzombo, na wakati mwingine mwanasosholojia anampokonya mwanariwaya kalamu. Msomaji anayetaka kisa kiende mbele atapiga miayo. Lakini kumwita Mkangi mhubiri na kuishia hapo, huku tukimsifu Kezilahabi kwa kutoeleweka, ni kupima kwa mizani miwili.

Bina-Adamu! iko katikati. Wamitila anaipeleka safari yake duniani kote, katika kile kinachoitwa kijiji cha utandawazi, na nyuma ya taabu zote anamweka P.P., yaani Peter Pan, mtoto wa hadithi ya Kiingereza asiyekubali kukua. Wazo hili ni zuri mno: ubeberu umepewa sura ya mtoto anayecheza, anayevunja vitu vya wenzake na hajui kuwa anapaswa kulipa. Ila ni Waswahili wangapi waliolelewa na Peter Pan? Mzaha wote umeegemea kitabu cha watoto wa London. Sungura wetu yupo, mjanja na mharibifu, na hakuitwa kazini.

Kitabu kinachoturidhisha zaidi ni Babu Alipofufuka. Mtu wake mkuu ni K, kigogo aliyeshiba, ambaye hana hata jina kamili. Msomi ataharakisha kumkumbuka Kafka, na hakosei. Lakini msomaji yeyote wa pwani anaelewa bila Kafka kwamba mzee aliyekufa akirudi kumtembelea mjukuu, kuna jambo limeharibika nyumbani. Babu anamtoa K katika starehe zake na kumlazimisha kuiona nchi aliyoshiriki kuifukarisha. Ajabu ni moja tu, nayo inafanya kazi iliyoshindikana kwa bunge, magazeti na mahakama: inamtazamisha mwenye hatia. Said Ahmed Mohamed ndiye aliyeandika Utengano na Dunia Mti Mkavu mwaka 1980, vitabu vya uhalisia juu ya wanaoonewa. Hakuwaacha watu wale alipohamia kwenye mzuka. Hapo ndipo tunapomtofautisha na wengine.

Sasa turudi kwa mahakimu. Mohamed huyu, kwa jina la Said A. M. Khamis, ndiye pia profesa wa Bayreuth aliyeandika mwaka 2005, kwa Kiingereza, katika jarida la Marekani, juu ya dalili mpya za riwaya ya Kiswahili. Wamitila ndiye mwandishi wa Uhakiki wa Fasihi (2002) na Kamusi ya Fasihi (2003), vitabu ambavyo mwanafunzi hufundishwa kuzisomea riwaya. Kezilahabi naye alikuwa mwananadharia. Hatuwalaumu kwa elimu yao, na wawili hao wa kwanza wamelifanyia Kiswahili kazi ambayo wengi wetu hatukuifanya. Lakini ni dhahiri kwamba aliyetunga, aliyeandika kamusi ya istilahi na aliyetoa hukumu wanatoka katika ukumbi mmoja. Wakikaa hapo, ugumu huonekana kuwa sifa, maana kila aliyemo ukumbini ana ufunguo.

Na lugha ya hukumu? Gromov aliandika kwa Kiingereza. Kitabu kizima cha Xavier Garnier juu ya riwaya ya Kiswahili kilitoka Paris mwaka 2006 kwa Kifaransa. Muhtasari mkubwa wa Elena Bertoncini, ambao toleo lake la kwanza ni la mwaka 1989, ni wa Kiingereza. Wageni hawa walizisoma riwaya zetu kwa makini kuliko wengi wetu, na tunawashukuru. Tatizo si lao. Ni letu sisi tunaongoja riwaya iliyoandikwa kwa Kiswahili ihukumiwe Ujerumani, kisha tuinukuu hukumu hiyo katika tasnifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipokuwa ikitoa Mulika, mwalimu wa sekondari aliweza kusoma uhakiki kwa lugha anayofundishia somo hilo. Riwaya mpya zinahitaji kurasa za namna hiyo kuliko zilivyohitajiwa na riwaya za zamani, kwa kuwa ni ngumu zaidi, na anayezihitaji zaidi ni mwalimu wa mahali ambapo hakuna maktaba ya kumweleza Nietzsche ni nani.

Mkangi alifariki mwaka 2004. Musaleo! na Dunia Yao, ambayo Mohamed aliitoa mwaka 2006, hatukuzigusa humu, na yapo maneno ya kusema juu ya zote mbili, hasa hiyo ya pili, ambayo wapenzi wa Babu Alipofufuka watashangaa kuiona imerudi katika ukumbi ule ule wa wenye funguo.