Injera ya viunga vya Washington

Mgeni akiingia mgahawa wa Kihabeshi huko Silver Spring, Maryland, au Alexandria, Virginia, haoni dalili ya kumbembeleza Mmarekani. Watu watatu wanaletewa sinia moja. Uma haupo mezani mpaka uombe. Michuzi imepangwa juu ya mkate, na mkate huohuo ndio sahani, ndio kijiko, na ndio tonge la mwisho lililolowa kila kiungo. Marafiki wanalishana kwa mkono. Ukitazama meza peke yake utaapa kwamba chakula hiki kimefika Marekani bila kuguswa.

Kimeguswa, ila si pale wengi wanapotazama. Chukua chakula cha Kichina: mpishi wa Hunan, Peng Chang-kuei, alibuni kuku wa Jenerali Tso akiwa Taiwan miaka ya 1950, na kuku yule hakuwa na sukari. Kufikia miaka ya 1970 wapishi wa New York walikuwa wamemfanya mkavu kwa nje na mtamu kupindukia. Badiliko hilo linaonekana kwa macho na linaonjeka kwa ulimi, ndiyo maana limechekwa kwa miaka mingi. Wahabeshi, nikiwa na maana ya Waethiopia na Waeritrea, walifanya kinyume. Waliacha kila kilichoonekana kigeni kibaki kigeni, wakabadilisha kile ambacho mgeni hana namna ya kukijua: unga.

Teff ni nafaka ya nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea, na punje yake haifiki hata milimita moja kwa upana. Haina gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike na kunasa hewa. Sasa mkate wake, yaani injera, unaumukaje? Hapo ndipo ufundi ulipo. Unga huchanganywa na maji na kutiwa ersho, maji ya manjano yaliyokusanyika juu ya rojo la mara iliyopita. Huachwa siku mbili au tatu ili bakteria na hamira za asili zifanye kazi yao, na uchachu unatoka huko. Kisha mpishi huchota sehemu ndogo ya rojo, huichemsha na maji mpaka iwe uji, halafu huurudisha uji huo ndani ya rojo lililobaki. Uji huu huitwa absit, na kwangu ndiyo hatua ya kijanja kuliko zote. Wanga ukishapikwa huwa mzito na wa kunata, hivyo hushika mapovu ya gesi yasitoroke mapema. Kazi ya gluteni inafanywa na wanga.

Rojo likiumuka tena humiminwa kwa mzunguko, kuanzia ukingoni kuja katikati, juu ya mitad, yaani tawa pana la udongo lililopata moto. Mapovu hupanda, hupasuka, huacha vitundu vinavyoitwa macho. Mfuniko hushushwa, mvuke huivisha upande wa juu, na mkate haugeuzwi. Mtu wa Lamu aliyezoea chila ataielewa picha hii upesi, isipokuwa injera ni pana kama sinia na uchachu wake hauna mzaha. Macho ndiyo sifa ya mpishi. Injera laini isiyo na macho hainywi mchuzi, na mama mwenye nyumba haipeleki mbele za wageni.

Mkate huu ulifika Marekani pamoja na wakimbizi. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliangushwa mwaka 1974. Zikafuata ghasia za utawala wa kijeshi wa Derg, pamoja na Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978, na mwaka 1980 Marekani ikapitisha Sheria ya Wakimbizi iliyorahisisha njia ya kuingia. Wengi walishukia Washington. Mgahawa wa Mamma Desta ulifunguliwa mjini humo mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 Mtaa wa 18 katika eneo la Adams Morgan ukajaa mabango ya Kihabeshi. Berbere, ule mchanganyiko wa pilipili na viungo, iliweza kusafiri ndani ya sanduku la jamaa. Samli ya viungo ilitengenezeka popote penye siagi. Hata gomen, mboga ya majani, ilipata ndugu yake wa karibu: sukuma wiki ya Wamarekani wa Kusini, inayouzwa kila duka. Teff haikuwepo.

Kilichokuwepo dukani ni unga wa ngano uliochanganywa tayari na baking powda. Kifundi, unga huu ulikuwa jibu la nusu ya swali. Baking powda hutoa gesi mara inapokutana na maji na moto, kwa hiyo macho yaliyohitaji siku tatu yalipatikana kwa dakika chache. Uchachu haukupatikana. Wapishi wakaziba pengo kila mmoja kwa njia yake: wengine walilaza rojo usiku mmoja na hamira ya dukani, wengine wakatia ndimu au siki, wengine wakamimina maji ya soda ili mapovu yaongezeke. Shayiri, mahindi na mchele viliingia. Teff ilipoanza kupatikana ilitiwa kiasi kidogo, kwa rangi na harufu. Matokeo yake ni injera nyeupe zaidi, inayovutika, yenye uchachu wa adabu. Ni rahisi kuipika ikatoka sawa kila siku, jambo ambalo teff tupu haikuliahidi kamwe.

Walioonja tofauti hiyo mara nyingi hulaumu maji ya bomba yenye klorini, au mwinuko: Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na Washington iko karibu na usawa huo. Klorini naweza kuikubali kwa sehemu, maana kazi yake ni kuua vijidudu. Mwinuko siununui. Khartoum iko chini ya mita 400, na Wahabeshi wa huko wamepika injera miaka yote.

Wala tusidhani kuchanganya unga ni uzushi wa Marekani. Huko Ethiopia kwenyewe teff ni nafaka ya bei, na nyumba nyingi huichanganya na mtama, shayiri au mahindi. Kilichokuwa kipya Washington ni ngano nyingi na baking powda, na zaidi ya hapo, kuondoka kwa absit. Rojo la ngano halihitaji uji wa kushikilia mapovu, kwa hiyo hatua iliyobeba akili yote ya mkate huu ilifutika bila mlaji kujua kwamba iliwahi kuwepo.

Tawa nalo lina kisa chake. Udongo hausafiri vizuri na jiko la umeme la nyumba ya kupanga haliwezi kuubeba. Waethiopia wa Marekani wakagundua tawa la umeme la duara linalotengenezwa na kampuni ya Bethany ya Iowa, lililokusudiwa wajukuu wa Wanorwe wapike lefse, mkate wao mwembamba wa viazi. Upana wake unatosha, joto lake linatawanyika sawasawa. Kinachokosekana ni mfuniko wa kufaa, na huo unatafutwa kwingine. Kwa hiyo injera nyingi zilizolelewa katika majiko ya Marekani zimeivia kwenye chombo cha Waskandinavia, na hakuna aliyelalamika.

Upande wa michuzi mabadiliko ni madogo zaidi, lakini yapo. Wat, yaani mchuzi wenyewe, ikiwa ya kweli huanza na vitunguu maji vilivyokatwa vidogo sana na kupikwa vikavu, bila mafuta, vikikorogwa muda mrefu mpaka viyeyuke vyenyewe. Samli na berbere huja baadaye. Jiko la biashara lenye haraka huanza na mafuta, na muda unapungua. Tofauti yake ni uzito wa mchuzi: vitunguu vilivyoharakishwa huacha mafuta yakielea na berbere ikibaki na ukali mbichi. Hapa sina huruma. Unga ulibadilika kwa sababu teff haikuwepo. Vitunguu viko kila mahali.

Doro wat, mchuzi wa kuku, imebadilika kwa namna nyingine. Nyumbani kuku hukatwa vipande 12, kila kipande kina jina na heshima yake, na chungu ni cha familia nzima. Mgahawani mteja mmoja anaagiza sahani moja, basi mara nyingi anapata paja moja na yai moja. Ladha inaweza kuwa ileile, lakini kipimo kimetoka kwenye ukoo kikaenda kwa mtu binafsi.

Sinia la mboga ndilo lililopata bahati ya ajabu. Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, Kwaresima yake ina siku 55, na ukiongeza mifungo mingine unapata zaidi ya siku 180 kwa mwaka bila nyama, maziwa wala mayai. Karne za mifungo hiyo zilizaa jiko kamili: adesi za berbere, dengu za manjano, shiro ya unga wa dengu, kabichi na karoti. Mmarekani asiyekula chochote cha mnyama alipofika, chakula chake kilikuwa kimeshapikwa. Hakuna kiungo kilichobadilishwa. Kilichoondolewa ni kalenda tu. Sinia la toba la Ijumaa likawa sinia la Jumamosi usiku lenye chupa ya divai kando, na kwa mgahawa ni mali ya dhahabu, kwa kuwa adesi ni rahisi kuliko nyama.

Tena michuzi hii yote hupikwa mapema na kupashwa moto bila kuharibika. Mgahawa wenye mpishi mmoja na msaidizi mmoja unaweza kujaza sinia kwa dakika chache. Hilo lilisaidia sana kodi ya Adams Morgan ilipopanda na wenye migahawa wakaanza kuhamia viungani, kwenye majengo ya maduka yenye uwanja wa magari mbele, kati ya dobi na duka la simu. Wateja wao walikuwa wametangulia huko kununua nyumba.

Kuhamia kiungani kulileta kitu ambacho dhana ya kawaida kuhusu chakula kugeuzwa cha Kimarekani haitarajii. Tunazoea kudhani kadiri mgahawa unavyosogea nje ya mji ndivyo unavyopoa na kujilainisha. Hapa ilikuwa kinyume. Mtaa wa 18 ulikuwa na watalii na wanafunzi. Kitfo, nyama mbichi ya kusaga yenye samli na pilipili kali ya mitmita, ililetwa baada ya mhudumu kuuliza kwa upole kama unaitaka lebleb, yaani iliyopashwa kidogo. Kiungani, meza zimejaa madereva wa teksi na wauguzi waliotoka zamu, na nyama mbichi ya vipande inauzwa kwa ratili mbele ya bucha iliyo ndani ya mgahawa. Onyo la nyama isiyoiva, ambalo kanuni za afya zinataka liandikwe, lipo chini ya orodha ya vyakula kwa herufi ndogo, na hakuna anayelisoma. Dulet ya utumbo na maini, fit-fit ya asubuhi, yaani injera iliyoraruliwa ndani ya mchuzi, buna, yaani kahawa, ya mizunguko mitatu pamoja na moshi wa ubani: vyote hivi vinahitaji wateja wasiouliza ni nini.

Lakini hata kwenye meza hizo, injera mara nyingi ni mchanganyiko, na hilo halijawasumbua sana. Msukumo wa kurudi kwenye teff ulitoka kwa watu wengine kabisa. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Wayne Carlson, aliyewahi kufanya kazi za afya ya jamii Ethiopia, alianza kulima teff Idaho na kuwauzia wahamiaji. Ethiopia yenyewe ilipiga marufuku kuuza nje nafaka hiyo mwaka 2006 ili bei isiwapande wananchi, ikalegeza kwa sehemu mwaka 2015. Kisha Wamarekani wakaanza kuikimbia gluteni, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa mtindo. Ghafla chakula kisicho na ngano kikawa na bei. Leo migahawa mingi ina mstari chini ya orodha: injera ya teff tupu, agiza siku moja kabla, malipo ya ziada.

Mara nyingi basi anayekula mkate ulio karibu zaidi na ule wa nyanda za juu ni Mmarekani mwenye tumbo linalokataa ngano, huku mzaliwa wa Gondar, Ethiopia, kwenye meza ya pili akirarua mchanganyiko aliouzoea kwa miaka 30. Mwenye ugonjwa wa kweli aulize pia kama tawa ni tofauti, maana teff tupu iliyopikwa juu ya tawa lililotoka kupika ngano haimsaidii.

Kuna pia injera inayokuja kwa ndege. Marufuku ya 2006 iligusa nafaka na unga, haikugusa mkate uliokwisha kupikwa, na kampuni ya Mama Fresh ya Addis Ababa ilipita katika mlango huo. Teff ni yenyewe, maji ni yenyewe, ila imepikwa bara jingine na kukunjwa ndani ya mfuko. Nikiwekewa hiyo na mchanganyiko wa ngano na teff uliomiminwa asubuhi hiyohiyo, wenye uchachu wa usiku mbili, nachukua wa asubuhi. Injera iliyosafiri hukauka ukingoni, macho yake hufumba, na mchuzi hubaki juu badala ya kuzama.