Redio ya Uani

Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa mita 90 hivi, na utepe huo hupita mbele ya hedi, kichwa cha kusomea sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ndivyo ilivyokuwa Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, na ndivyo ilivyo leo. Ukitaka kuhamishia saa moja ya sauti kwenye kompyuta, utakaa saa moja uisikilize yote, pamoja na vicheko, vikohozi na pale mtangazaji aliposahau alichotaka kusema. Njia ya mkato ninayoiamini haipo. Naipenda kazi hii kwanza kwa sababu hiyo.

Kanda ninazohamisha ni za redio yetu wenyewe. Miaka ya 1980, Dar es Salaam, watoto wa nyumba zilizopakana tulikuwa na kituo chetu uani. Mitambo ilikuwa redio kaseti ya mzee mmoja, yenye maikrofoni ndani yake. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, inarekodi. Tulikuwa na msoma habari, mtangazaji wa mpira, mtu wa salamu, na fundi mitambo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwanyamazisha wadogo zetu. Mwalimu wetu alikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Tuliwaiga Pwagu na Pwaguzi wa vichekesho, tukaiga kipindi cha Mama na Mwana, tukatuma salamu kwa watu waliokaa chumba cha pili wakitusikia bila redio. Hata ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, zile zilizotangulia taarifa ya habari, tulizipiga kwa debe na sufuria. Yeye alikuwa kipofu na alizipiga nyingi peke yake. Sisi tulihitaji mikono ya watoto wote.

Kanda tupu zilikuwa adimu. Tulichukua za wakubwa, tukaziba vile vitundu viwili vya mgongoni kwa karatasi iliyokunjwa ili zikubali kurekodiwa, tukatangaza juu ya taarab. Hedi ya kufutia hufuta pale tu inapopita. Kwa hiyo kipindi kinakwisha, msoma habari anaaga, kitufe kinalia tak, na papo hapo udi na fidla vinaingia katikati ya ubeti, mwimbaji akiendelea kama kwamba hakuna aliyemkatiza. Sijawahi kuukata mshono huo. Mwenye kanda alipenda nini, nasi tulichukua kiasi gani cha alichokipenda, yote yamo mle.

Kabla ya kusikiliza chochote, kuna kazi ya mikono. Kanda iliyolala miaka mingi unaizungusha kwanza hadi mwisho na kuirudisha, taratibu, ili mikunjo iachiane. Hedi na kirola cha mpira unavifuta kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kile kipande cha sponji kinachousukuma utepe kwenye hedi mara nyingi kimebanduka, na hapo unafungua skrubu za kasha na kuhamishia magurudumu kwenye kasha jingine zima. Haya kila fundi redio wa mtaani aliyajua.

Lakini ustadi hasa uko kwenye skrubu moja ndogo iliyo ubavuni mwa hedi. Kila mashine ilirekodi kwa mwinamo wake. Hedi ya redio yetu ilikuwa imeinama kidogo sana, jicho lisingeona, ila sikio linaona. Ukiipiga kanda ile kwenye deki iliyonyooka, sauti za juu zinapotea. “S” na “sh” zinafifia, na “shikamoo” inatoka kama imesemewa ndani ya blanketi. Basi unavaa hedifoni, unachukua bisibisi nyembamba, unazungusha skrubu kidogo sana huku kanda inacheza. Sauti inafunguka. Unaendelea, inaanza kufunga tena. Unarudi pale ilipokuwa wazi kuliko kote, unasikiliza “s” ya msoma habari, unasogeza unywele mmoja zaidi, unaacha. Siku ya kwanza nilipolipata hilo, nilisikia kwamba mtu wa salamu alikuwa na kitembe, kitu ambacho wote tulikuwa tumekisahau. Kanda nyingine, skrubu tena. Wakati mwingine upande wa pili wa kanda ileile, skrubu tena. Kilichopotea hapa, programu ya kompyuta haitakirudisha vizuri baadaye.

Halafu kuna betri. Redio ilirekodi kwa betri zilizokuwa zikienda kuisha, mota ikipunguza mwendo kidogo kidogo bila sisi kujua. Leo deki inapiga kwa mwendo sawa, na watangazaji wanazidi kuwa na sauti nyembamba na haraka kadiri kipindi kinavyokwenda. Kanda iliyorekodiwa kwa umeme ina mvumo wa hezi 50 unaoweza kukuongoza. Za betri hazina. Mwokozi wangu amekuwa Nyunyusa. Katika kanda moja redio ya jirani inasikika nyuma yetu, na ngoma za taarifa ya habari zinalia. Niliupima mlio wake dhidi ya nakala nzuri ya ngoma zilezile, nikajua mota ilikuwa imechelewa kiasi gani dakika ile, nikanyoosha mwendo kutoka hapo kwenda mbele na nyuma.

Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri angalau sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Mimi nachukua 96,000, na saa moja ya stereo inakula karibu gigabaiti mbili. Mwaka 2019 IASA na UNESCO walitoa tahadhari kwamba ifikapo 2025 hivi mashine za kupigia kanda, vipuri vyake na wanaojua kuzitengeneza vitakuwa adimu mno. Anayetafuta mkanda wa mpira wa deki yake leo hahitaji kuambiwa mara mbili.

Faili la kwanza siligusi kamwe. Usafi wowote unafanyika kwenye nakala, na hata huko naisafisha kwa mkono mwepesi, kwa sababu programu haijui kutofautisha mchakacho wa utepe na uhai wa uani. Ondoa mchakacho wote, nawe umemwondoa muuza kahawa anayegonga vikombe vyake nje ya ukuta, honi ya treni, mama anayemwita mtangazaji wa mpira akalete maji huku Simba wakiwa langoni mwa Yanga. Umeondoa pia namna msoma habari wetu, mtoto wa darasa la nne, anavyovuta pumzi kabla ya kutangaza kwamba sukari imefika dukani na foleni imeanza. Habari ile ilikuwa ya kweli. Kituo cha taifa kilikuwa na sauti za waliosema. Sauti za waliosikiliza, na walichofanya na walichokisikia, zimebaki kwenye kanda kama hizi, chini ya vitanda vya watu.

Nikimaliza kila upande natuma nakala ndogo kwa wenzangu waliobaki, nao wananijibu kwa ujumbe wa sauti, wakibishana nani alikuwa nani. Mabishano hayo ni sehemu ya kazi. Bila majina, faili ni kelele tu. Naandika anayesemekana ni nani, nani amethibitisha, ni uani kwa nani, na redio ya nani. Wawili wametutoka, na kwa hao nawauliza kwanza ndugu zao kama wako tayari kusikia. Dada wa mmoja aliomba apewe kipindi cha mpira peke yake, kizima, bila kukatwa chochote. Kanda niliyo nayo mezani sasa ni ya dakika 120, utepe wake ni mwembamba nusu ya ule wa dakika 60, na tabaka zimeambukizana sumaku hadi neno linasikika kwa mbali kabla halijasemwa. Kasha lake limepasuka. Naanza na hilo.